Risala ya Hamachidori kwa Bwana Mamiya, kuhusu Namba Kumi na Saba

Mgeni rasmi, Bwana Mamiya Kosuke, Rais wa Kampuni ya Michezo ya Video ya Aoboshi na, tangu Oktoba ya mwaka juzi, mwenye nyumba wetu;
Viongozi mliofuatana naye kutoka Tokyo;
Wanamieleka, mafundi wa ulingo na akina mama wa dirisha la tiketi:

KUKUKARIBISHA

Sisi wa Mieleka ya Hamachidori tunakukaribisha Amagasaki, kwenye ukumbi wetu wa mazoezi chini ya reli. Treni ikipita msomaji atanyamaza kidogo. Usidhani amepotea mstari. Umevua viatu kama kila mtu, na soksi zako tumeziona ni mpya kabisa. Tumefurahi kwamba ulijiandaa.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka ishirini na sita iliyopita, watu sita na ulingo wa kuazima. Hadi leo kila mwanamieleka, hata bingwa, hubeba mbao za ulingo, hufunga kamba, na pambano likiisha huuza fulana zake mwenyewe huku jasho likimtiririka. Habari za kununuliwa na kampuni yako zilipotufikia, kusema kweli, tuliogopa. Bi Chigusa wa tiketi aliuliza, "Jamani, sasa ndiyo tunageuzwa katuni?"

MAMBO MAZURI

Hatukugeuzwa katuni. Tumepata hita, turubai jipya la ulingo, na daktari anayekuja kila Jumanne. Mafundi wako walitubandika vidoti mwili mzima wakaturekodi tukirushana ili gemu lituige, na gemu lilipotoka ukumbi ukajaa watoto wanaojua mapigo yetu kwa majina. Mama yangu mimi msomaji, mwenye miaka sabini na mitatu, hunichapa kila jioni kwenye televisheni yake huko Himeji, kisha hunipigia simu: "Hisanori, leo nimekubwaga mara tisa. Namalizia malezi niliyoachia njiani." Tunashukuru, na shukrani hii inatoka moyoni.

JAMBO MOJA LINALOTUSUMBUA

Vijana wako wa takwimu waliomba daftari la matokeo ya miaka yote, ili wampangie kila mmoja wetu nguvu zake kwenye gemu. Tukawapa bila kufikiri mara mbili; kosa ni letu. Wakaona mwenzetu mmoja, Namba Kumi na Saba, ameshindwa mara elfu mbili na mia tatu, ameshinda mara nne. Kwenye gemu wakamweka mkiani kabisa. Hilo tulilicheka wote, hata yeye mwenyewe. Lakini orodha hiyohiyo, yenye namba bila majina, ikapanda ofisini Tokyo na kurudi na sahihi yako: mkataba wa Namba Kumi na Saba hautaongezwa mwezi Machi.

Mgeni rasmi, sisi watu wa ulingo tuna mambo ambayo hatuyasemi, hata kwa wake zetu. Kila pambano letu ni la kweli, na aliyeshindwa ameshindwa. Hapo hutusikii tukiongeza neno. Tunachoweza kusema ni kwamba sisi kumi na mmoja tuliosimama hapa, pambano la kwanza la kila mmoja wetu lilikuwa dhidi yake. Bingwa wetu Orito, siku yake ya kwanza, aliruka vibaya kutoka juu ya kamba, kichwa mbele. Namba Kumi na Saba akajisogeza chini yake. Akavunjika mbavu mbili, Orito akainuka mzima, na daftari likaandika: ameshindwa.

Tulipomwambia tunaandika risala alikuja juu. "Acheni kunitia aibu nyie! Nimeshindwa mara elfu mbili, hii moja itanifanya nini?" Kisha akaenda kukata kabichi za chungu cha chakula cha mchana, na akatugeuzia mgongo kwa muda mrefu. Inatuuma sana.

OMBI

Tunaomba mkataba wake uongezwe. Vijana wako nao waongeze safu moja kwenye hesabu zao: ni wangapi walipigana naye wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Wataona hana mpinzani.

Tena, Bwana Mamiya, umewaahidi watazamaji kwamba leo Orito atakubwaga mara moja mbele yao. Kwa ajili hiyo ulikuja jana asubuhi kufundishwa kuanguka. Mara ya kwanza ulipiga kelele, "Nakufa!" Mwalimu wako, Bwana Inokuma, akasema, "Bado, mheshimiwa. Kidevu kifuani. Haya, tena." Ulianguka mara thelathini bila kuumia hata kidole. Ulipokuwa unavaa viatu ulitugeukia ukasema, "Huyu bwana, chondechonde, msimwache aondoke." Tukainama kwa adabu.

Bwana Inokuma ndiye Namba Kumi na Saba.

Tunakuombea afya, shingo imara na kampuni yenye heri.

Ni sisi, wanamieleka na wafanyakazi wa Hamachidori, Amagasaki.
Imesomwa na Tabuchi Hisanori, nahodha.