Lourens Terblanche na Vumbi Alilokatazwa Kulitaja

Marehemu Lourens Terblanche alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, Lichtenburg, Afrika Kusini, mtoto wa tatu wa mkulima wa mahindi. Alisomea ufundi Potchefstroom, akahitimu mwaka 1956 kama mkereza vyuma, yaani fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito.

Mwaka 1963 alimwoa Hester Lombaard, huko Rustenburg. Walijaliwa binti mmoja, Elmarie, ndiye anayewasomea haya, na leo hana nia ya kumpendeza mtu.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha serikali magharibi mwa Pretoria. Alikula kiapo kwamba hata mkewe asijue anachokereza. Dunia ilikuwa imeitenga serikali yetu, na marafiki wachache waliobaki walikuja kwa siri. Jumamosi moja wakubwa walimletea wageni waje kula nyama choma, eti wanunuzi wa machungwa kutoka ng'ambo. Hester akawawekea kapu zima. Mmoja alihangaika na chungwa mpaka shati likalowa.

“Lo! Mnunuzi gani huyu, hata kumenya hajui?” Hester alicheka jikoni. “Lourens, hawa ni akina nani?”

“Wapelekee chumvi, mama,” akajibu.

Mwaka 1993 Rais alitangaza bungeni kwamba nchi iliunda mabomu sita ya nyuklia, kisha ikayabomoa. Lourens alizima redio, akaenda kumwagilia nyanya. Tayari alikuwa anakohoa.

“Mzee Lourens, ulivuta vumbi gani kazini?” Daktari Naudé alimsihi. “Niambie nijue pa kuanzia.”

“La trekta.”

Basi akatibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho. Alipomnong'oneza Hester kwamba lilikuwa vumbi la berili, madini yenye sumu aliyoyakereza kwa ajili ya mabomu, mapafu yalikuwa yamekwisha. Alifariki tarehe 2 Juni 1996.

Alhamisi mabwana wawili kutoka kiwandani walileta shada la maua, wakaomba katika wasifu huu aandikwe “fundi wa trekta”. “Kwa heshima yake,” wakasema. Heshima gani? Alipotema damu mlikuwa wapi? Mmekaa benchi la mbele, basi sikieni vizuri: alikereza mabomu yenu, yakamuua, nanyi mkanyamaza kimya. Shada lenu liko nje, getini.

Ameacha mjane Hester, binti Elmarie, na wajukuu Ruan na Liezl. Ameacha pia wenzake wa kiwandani, ambao tunawasikia wakikohoa humu kanisani. Mungu amlaze Lourens pema. Ninyi wenzake mnaokohoa, Daktari Naudé amekaa karibu na mlango. Msitoke kabla hamjamwambia mlivuta nini.