Masikio ya Mzee Juvenali

Ta-ta-ta-ta. Nikimfikiria Mzee Juvenali Nshimirimana, kwanza husikia mlio huo wa gurudumu la baiskeli linalozunguka bila kukanyagwa. Mzee wetu anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa katika kituo chetu cha kupima maji ya ziwa, hapa Biharamulo.

Alitoka Mbuba, Ngara, akaajiriwa kuwa mlinzi wa gati, hata kuogelea hajui. Mambo ya matanga alifundishwa na nahodha wa Kizinza aliyemtangulia, kisha akaurithi usukani wake. Mashua yetu hutembea kwa tanga kwa sababu mafuta ya injini huharibu sampuli. Kwa safari za kufuata upepo ina tanga kubwa jepesi la bluu, linalojiviringisha kwenye kamba yake yenyewe kama mkeka. Watoto wa ufukweni huliita mwavuli.

Roda ya kulizungusha ilivunjika mwaka 2014, na kipuri kikakosekana hadi Mwanza. Mzee akafungua gurudumu la nyuma la baiskeli yake ya kubebea ndizi, akafunga kitovu chake mbele ya mashua: ukivuta kamba, kitovu huzunguka kikilia ta-ta-ta-ta, na tanga hujiviringisha. Mkurugenzi alicheka. Wiki iliyofuata alikuja kukipiga picha.

Lakini sifa yake kubwa ni kulihamisha tanga hilo kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, upepo ukiwa mgongoni. Kwanza liviringishwe lote, ndipo usukani ugeuzwe, kisha lifunguliwe upande wa pili. Alifundisha nchi kavu, kwa turubai na kitovu kingine cha baiskeli vilivyofungwa kwenye nguzo ya gati, yeye akishika turubai na mwanafunzi akiwa amefumba macho. Mlio ukikoma, tanga limekwisha kujiviringisha. Alikataza kuhesabu mizunguko. "Unahesabu kuku?" aliuliza.

Mimi nilihesabu. Nina shahada ya sayansi ya maji, na niliamini mizunguko kumi na minane inatosha. Februari mwaka jana, mbele ya wageni, nilifika kumi na minane nikageuza usukani, na mlio bado unaendelea. Nusu ya chini ilikuwa imejiviringisha. Nusu ya juu ikajaa upepo, ikapita mbele ya mlingoti na kujisokota kinyume. Mzee alitumia saa tatu kulinyoosha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, kalamu yako ni nzuri." Tangu siku hiyo nimekaa na kalamu.

Kamba akampa Odeta Shilinde wa stoo, binti kutoka Nyamahanga aliyeishia kidato cha nne. Kila asubuhi nilimsikia gatini: "Shikamoo babu, nifumbe tena?" Naye Mzee: "Marahaba. Fumba, na usichungulie kama msomi wetu." Watu walicheka. Nami nilicheka, meno tu. Nilimwonea wivu Odeta, hata sugu za viganja vyake niliziona kama cheti nilichonyimwa. Wivu huo haujaisha, na sitaki kuandika hapa kwamba umeisha.

Katika miaka yote hiyo Mzee hakupoteza mtu wala chupa ya sampuli. Alipoteza kofia tatu, zote za wakaguzi, na mpaka leo anasema ulikuwa upepo.

Mwezi Mei nafasi yake ilitangazwa. Tuliomba wawili, Odeta na mimi. Ofisini kila mtu aliniambia kwamba kwa vyeti vyangu nafasi ni yangu, na mimi niliitaka kuliko kitu chochote. Kisha ikaja safari yake ya mwisho, akatupa kila mmoja zamu moja ya kuhamisha tanga. Wakati wa zamu yangu alisimama, mkono karibu na kamba. Zamu ya Odeta ilipofika, alikaa akaligeuzia tanga kisogo, akamenya karanga. Mlio ulipokoma, Odeta aligeuza usukani. Mzee hakuinua hata macho.

Asante, Mzee, kwa miaka yako, kwa baiskeli yako na kwa masikio yako. Huko Mbuba migomba ikuzalie vizuri, wajukuu wakuchoshe kwa maswali, na afya ikukalie karibu.

Barua yangu ya kuondoa jina langu kwenye maombi ya nafasi hiyo ilifika kwa mkurugenzi Jumatatu iliyopita. Jumanne asubuhi nilikwenda gatini, nikasimama penye nguzo, nikafumba macho. Odeta ndiye aliyeshika turubai.