Paskalina Mageni na Uloto wa Kaka Yake

Ndugu waombolezaji, mimi Eunice, dada wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia. Paskalina Mageni, Mama Dorah, alizaliwa hapa Tinde tarehe 14 Machi 1991, kitinda mimba wa mzee Mageni, akasoma hapa hapa hadi kidato cha nne mwaka 2009, kisha mwaka 2012 akamfuata kaka yetu Bujiku kule Bulyanhulu, akawa mama lishe wa wachimbaji wadogo, na wengi mlioketi hapa mmekula ugali wake siku ambazo duara, yaani shimo la dhahabu, halikutoa kitu.

Tarehe 6 Juni 2015 alifunga ndoa na Athanas Ngassa kanisani Kagongwa, wakajaliwa Dorah na Ignas.

Julai 2024 alianza kuishiwa nguvu na kutokwa damu kwenye fizi, akapelekwa Mwanza, ikaonekana ni saratani ya damu, dawa zikaituliza, lakini madaktari wakasema itarudi asipopandikizwa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, tiba ambayo zamani mtu aliifuata India na sasa inapatikana Dodoma. Ndugu zake wote tulipimwa, akalingana naye Bujiku peke yake. Daktari alimweleza kwa upole kwamba siku hizi si lazima mfupa utobolewe, damu hutolewa mkono mmoja, mashine huchuja chembe zinazohitajika, na inayobaki humrudia mwenyewe.

Bujiku aliitikia, kisha akarudi kwenye duara lake, ambako mganga alikuwa amempa sharti kwamba damu isimtoke mpaka mawe ya dhahabu yapatikane, akatuma ujumbe kwamba mdogo wake avumilie kidogo. Paskalina alitukataza kumgombeza, akisema kaka atakuja, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliinua kichwa. Duara lilitoa maji. Bujiku alifika Dodoma Mei 2025, ugonjwa umeshaamka, na tarehe 9 Juni Paskalina akafariki. Msituambie ni mipango ya Mungu, Mungu asisingiziwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Dodoma, majirani wa Tinde, na mama lishe wenzake waliotulelea watoto. Bujiku hatumfukuzi, ni wetu. Tangu alfajiri amechimba kaburi hili peke yake, akakataa kupokewa, sururu ikamkata mguu, damu ikamwagika humo ndani, akakataa hata kufungwa kitambaa. Sasa imetoka, na wa kuipokea hayupo.

Pumzika kwa amani, Mama Dorah, maana sisi uliotuacha hatunayo.