Kiputo Kisicho na Doa

KIFUTIO: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Umeifuta namba yangu?

KIFUTIO: Haloo? Sauti inakatika... Ni nani?

FUNDI: Dada yake Shoto.

KIFUTIO: Aa. Dada. Shikamoo. Hii simu ni mpya, namba zote zilipotea na ile ya—

FUNDI: Marahaba. Hujambo?

KIFUTIO: Sijambo, dada. Habari za kazi? Nasikia cherehani huko.

FUNDI: Siyo yangu. Ni mwenzangu anamalizia sare za shule. Yangu imelala tangu asubuhi. Mimi nimekaa kwenye stuli ya wateja, nasoma katuni.

KIFUTIO: Katuni.

FUNDI: Bi Kufuli. Toleo la kumi na tisa. Limeandikwa juu kabisa, "Toleo la Mwisho". Nimelikuta kwa muuza magazeti, limening'inizwa kwa kibanio cha nguo kati ya magazeti ya mpira. Nikasema labda macho yangu. Maana kuna mtu aliniambia siku ya maziko ya Shoto kwamba Bi Kufuli kaishia la kumi na nane.

KIFUTIO: Dada, nilikuwa nije nikuam—

FUNDI: Ulisimama mlangoni kwangu, viatu mkononi. Nikakuuliza, rafiki yako hakuacha hata karatasi moja? Ukasema, "Hata moja, dada." Mwaka mzima, Kifutio. Nimepekua mpaka ndani ya godoro lake.

KIFUTIO: Nimekosa.

FUNDI: Subiri. Sijafika kwenye kosa.

KIFUTIO: Sawa, dada.

FUNDI: Unajua nani alimfundisha hadithi yule? Mimi. Riwaya za kijasusi zilizojaa ile nyumba nilizinunua mimi, moja moja, na yeye anaziiba. Akimaliza anachana ukurasa wa mwisho, anauficha, ananiambia, "Taja muuaji kwanza." Siku anaanza Bi Kufuli na wewe, matoleo yote kumi na nane, mimi ndiye niliyesoma wa kwanza. Hili nimesoma nikiwa wa ngapi?

KIFUTIO: Sijui.

FUNDI: Hata muuza magazeti kanitangulia. Ananiambia, "Mama, safari hii utalia." Haya. Bi Kufuli, mwanamke anayefungua kila kufuli ya mji, safari hii anafunga. Anafungia barua ya daktari kwenye droo. Halafu anakwenda kwa mwalimu wake aliyelazwa, anamwambia, "Ijumaa unatoka."

KIFUTIO: Dada—

FUNDI: Ijumaa unatoka. Hilo neno ni langu. Nilimwambia Shoto wodini, nimeshika chupa ya chai, na barua ya daktari kwamba hatapona iko kwenye pochi yangu. Nilimwonyesha mtu mmoja tu duniani. Pale kwenye korido, karibu na mizani.

KIFUTIO: Sikumwambia.

FUNDI: Barua ikajisoma yenyewe.

KIFUTIO: Sikumwambia kwa mdomo. Nilirudi ndani, nikaendelea kuchora pembeni ya kitanda. Akaniuliza, "Kifutio, dada kakuonyesha nini huko nje?" Nikasema, hakuna. Lakini mkono ulisimama.

FUNDI: Mkono ulisimama.

KIFUTIO: Sekunde moja tu. Unamjua alivyokuwa, haangalii uso wa mtu. Akanitazama vidole, akasema, "Basi. Chora droo."

FUNDI: Kwa hiyo zile wiki mbili alikuwa anajua.

KIFUTIO: Alikuwa anajua.

FUNDI: Anakunywa uji wangu, ananitania uji gani huu kama gundi, ananiambia Ijumaa nimletee lile shati la buluu. Nikabadilisha vifungo. Nikapiga pasi. Na wewe umekaa hapo na penseli yako unatutazama.

KIFUTIO: Ndiyo maana nilizificha kurasa. Nilijua ukizisoma utaumia.

FUNDI: Halafu ukaona heri niumie pamoja na kila mwenye kununua gazeti.

KIFUTIO: Hapana. Mashabiki walikuwa wanauliza kila siku. Mchapishaji ananipigia asubuhi, ananipigia jioni. Na mimi nikasema, dada akifika ukurasa wa mwisho, atapumzika.

FUNDI: Nilipumzika. Sitakuficha. Mwalimu yuko kitandani, Bi Kufuli ameinama, mwalimu anamwambia, "Nilijua. Nimekusamehe." Nililia mpaka mteja akaondoka na kitambaa chake. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya nne ndiyo nikaona pale ni safi mno.

KIFUTIO: Safi vipi?

FUNDI: Kaka yangu aliitwa Shoto kwa nini?

KIFUTIO: Dada, hilo linahusu nini?

FUNDI: Nijibu.

KIFUTIO: Mkono wa kushoto.

FUNDI: Akiandika kwa wino, kiganja kinapita juu ya maneno kabla hayajakauka. Mikono ya mashati yake niliisugua mimi miaka yote. Kila kiputo cha maneno ya wahusika alichoandika kina doa, kama moshi wa kibatari. Ulikuwa unamgombeza, "Unanichafulia picha." Anakwambia wahusika wake wanavuta sigara.

KIFUTIO: [Anacheka kidogo, anaacha.] Ndiyo. Alikuwa anasema hivyo.

FUNDI: Nimevihesabu hapa. Viputo vyote vya toleo hili vina doa. Cha mwisho cheupe kama sahani.

KIFUTIO: Siku hizi kiwandani wanasafisha kurasa kwa kompyuta—

FUNDI: Wakasafisha kimoja?

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: Haloo?

KIFUTIO: Nipo.

FUNDI: Mwandiko umeuiga vizuri. Hata mimi umenipata mara tatu.

KIFUTIO: Unajua tulivyokuwa tunafanya. Mimi nachora kwanza, watu vinywa wazi, viputo vitupu. Yeye anaandika mwisho, akishaona sura zao. Zile kurasa nilimpelekea Jumatano. Akaandika vyote mchana ule, akiwa amelala. Kikabaki kile.

FUNDI: Na Alhamisi alfajiri wakanipigia simu.

KIFUTIO: Ndiyo.

FUNDI: Kwa hiyo kaka yangu hakusema.

KIFUTIO: Dada, sikiliza—

FUNDI: Hakusema amenisamehe.

KIFUTIO: Hakusema hajakusamehe pia. Alikusamehe. Aliniambia kabisa, "Hiki kiache, dada atakijaza mwenyewe."

FUNDI: Hayo ni maneno yake au yako?

KIFUTIO: Dada...

FUNDI: Simu imeshalia mlio wa salio. Nijibu.

KIFUTIO: Nikupigie mimi?

FUNDI: Nijibu hapa hapa.

KIFUTIO: Yangu.

FUNDI: Yake ni yapi?

KIFUTIO: Alishika kalamu muda mrefu. Nikadhani amelala. Akaniuliza, nje kuna jua? Nikasema, lipo. Akasema, "Nitamalizia kesho." Basi. Hakuna mengine, naapa.

FUNDI: Asante. Umechelewa, lakini asante.

KIFUTIO: Sikutaka kumsemea. Ni kwamba... mimi ndiye mkono wangu ulisimama. Kama angesema amekusamehe wewe, basi na mimi—

FUNDI: Ukataka usamehewe kwa jina langu.

KIFUTIO: Ndiyo.

FUNDI: Ukurasa wenyewe uko wapi? Ule alioushika.

KIFUTIO: Ninao hapa, kwenye droo ya meza. Yale maneno niliyaandika kwenye kikaratasi, nikakibandika juu. Chini yake hakujaguswa.

FUNDI: Ni cheupe?

KIFUTIO: Nini?

FUNDI: Kiputo. Chini ya kikaratasi chako. Cheupe?

KIFUTIO: Ngoja. [Droo inafunguliwa. Karatasi zinachakarika.] Ngoja, gundi imeshika... Hapana. Siyo cheupe.

FUNDI: Kuna nini?

KIFUTIO: Doa. Kubwa, la kiganja kizima. Alikuwa ameegesha mkono hapo akifikiri. Maneno hakuna, dada, usije ukasema nimekudanganya. Doa tu.

FUNDI: [Kimya.]

KIFUTIO: Dada? Haloo? Upo?

FUNDI: Nipo. Nakusikia vibaya.

KIFUTIO: Nililiona siku ile, nikaona ni uchafu. Nikalifunika.

FUNDI: Uniletee. Bandua maneno yako polepole, usichane. Usifute kitu. Ukija, njoo na huo ukurasa tu, kalamu iache kwako.

KIFUTIO: Nitakuja. Nitakuja mwenyewe. Nije lini, dada?

FUNDI: Siku yoyote utakayopata nafasi, ila siyo Ijum—

[Salio limekwisha.]

KIFUTIO: Dada? Haloo? Dada?