Aliyemtambua Mwenye Muhuri: Marehemu Rosamund Ogle (1951–2023)

Marehemu Rosamund Ogle alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 mjini Horncastle, Lincolnshire, mtoto wa kwanza wa Bwana Harold Dunnage, mtunza kanisa, na Bibi Enid. Alizijua ngao, yaani nembo za koo, zilizochongwa makaburini kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule hapa hapa mjini, akahitimu shahada ya historia mwaka 1972, kisha akaajiriwa na makumbusho ya hapa mjini hadi alipostaafu. Mwaka 1980 alifunga ndoa na Bwana Piers Ogle, fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2016. Hawakujaaliwa mtoto.

Mwaka 2011 mkulima mmoja aliokota katika shamba lake la viazi muhuri wa shaba wa Sir fulani, askari mpanda farasi wa miaka mia saba iliyopita. Maandishi yalikuwa yamelika. Ilibaki ngao yenye mkanda wa mshazari. Mkuu wa Marehemu kazini, Dkt. Crispin Lascombe, ambaye yumo humu kanisani, aliutazama akatangaza kwamba mwenye muhuri ni mwanaharamu wa ukoo mmoja wa papa hapa, maana mkanda wa watoto wa nje ya ndoa huelekea upande ule. Marehemu alimkumbusha kwamba muhuri huchongwa kinyume, hausomwi mpaka ugandamizwe kwenye nta.

Alijibiwa mbele ya wenzake: “Bi Ogle, nikitaka somo nitarudi shule. Sasa hivi nataka chai.”

Chai hakuleta. Mumewe alipomletea chakula cha mchana, Marehemu alibandua nta nyekundu iliyofunika jibini, akailainisha viganjani, akaugandamiza muhuri.

“Mke wangu, umeniitia chakula au vita?”

“Vita. Tazama, mkanda umegeuka. Huyu si mwanaharamu.”

Likizo yake yote aliimalizia Cornwall, upande wa pili kabisa wa nchi, ambako vitabu vilitaja ngao ya namna hiyo, akizunguka makanisa hadi akaikuta ngao ile ile juu ya kaburi la Sir Joscelin Trevanock, aliyepita kwetu akienda kupigana Uskoti. Kazi hiyo aliikabidhi kwa mkuu wake. Ilichapishwa kwa jina la Dkt. Lascombe peke yake, na kibao cha makumbusho kinamsifu yeye mpaka leo. Marehemu aliomba kirekebishwe kila mwaka. Kila mwaka aliambiwa asubiri.

Februari 2023 aligunduliwa na saratani ya kongosho. Dkt. Lascombe alituma maua hospitalini. Marehemu alimwomba muuguzi ayaweke chooni, yasikie harufu ya kwao. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba.

Ameacha mdogo wake Edmund, wifi yake Lettice, na watoto wao Hugh, anayewasomea haya, na Marian. Jiwe lake limeshachongwa: ROSAMUND OGLE, ALIYEMTAMBUA SIR JOSCELIN TREVANOCK.

Dkt. Lascombe, Marehemu alikualika yeye mwenyewe, na kiti cha safu ya tatu alikuchagulia yeye. Alisema ukikaa mbele utadhani unaheshimiwa, ukikaa nyuma utatoroka.

Yeye na apumzike kwa amani. Sisi hatupumziki mpaka kibao kile king'olewe.