Vipimo vya Pini

Zimeni hiyo redio, sogezeni viti, na wewe fundi bomba, mwanangu wa kwanza, acha kulia kabla sijasema neno, maana ukianza wewe majirani watadhani nimeshakwenda, na mimi bado nipo, tena nina maneno mengi kuliko pumzi. Niinulieni mto kidogo. Hapo hapo. Daktari kasema nisiongee sana. Basi na aje anikataze mwenyewe.

Tumalize vitu kwanza. Nyumba hii, vyumba vyake viwili na kibanda cha kushonea cha mbele, ni yenu ninyi watatu, mwanangu wa kiume, mwanangu wa kike na mjukuu wangu Pini, na asiuze mtu sehemu yake mpaka wote mkae kitako mkubaliane. Cherehani ni ya Pini. Mkasi wa kitambaa ni wa Pini vilevile, na wewe mjomba wake usiuguse, sijasahau siku ulipokata mpira wa bomba kwa mkasi wangu ukaurudisha kimyakimya kama vile mimi sina macho. Wewe chukua kiti cha kuegemea. Kila ukija kumtazama mgonjwa unalala humo ukakoroma, mgonjwa ndiye anabaki anakutazama wewe.

Limebaki daftari la vipimo. Haya, nimeona mmeanza kutabasamu! Chekeni tu. Mwaka wa ishirini na mbili huu mnanichekea daftari hili, kwamba bibi alisimamisha mahakama nzima akitafuta daftari, kumbe muda wote liko kwenye mkoba wake. Mmelisimulia harusini, mmelisimulia hospitali, juzi nimesikia hata muuguzi analijua. Leo nitawaharibia kichekesho chenu, kwa hiyo kichekeni sasa hivi kiishe.

Pini, mama, msogeze mtoto nimwone. Wiki tano tu na ameshajaza mikono! Kaa naye hapo kitandani kwangu unisikilize, maana hii habari ni yako.

Ulikuwa na miaka sita, unakaa na mama yako, binti yangu huyu aliyekaa mlangoni, kwenye chumba cha kupanga, mtaa wa pili. Mama yako alikuwa anakunywa. Hilo unalijua na yeye mwenyewe halifichi. Sare zako za shule nilikuwa nashona mimi, kila muhula nakupima, naandika: kifua, kiuno, urefu. Muhula ule nikakushonea gauni kwa vipimo vya nyuma, nikiongeza kidogo kwa sababu mtoto anakua, nikakuvalisha. Likaning'inia. Nikakupima upya, kiuno kilichokuwa inchi ishirini na moja kimekuwa kumi na tisa na nusu. Unajua bibi yako mwenye akili zake alifanya nini? Nililaumu futi! Nikasema futi hii ya kitambaa imevutika kwa uzee, inanidanganya. Nikaitupa, nikanunua mpya, ikanipa jibu lilelile. Basi nikabana gauni pande zote mbili, nikalipiga pasi, nikakupeleka shule nikikusifia ulivyopendeza. Nilibana nguo, Pini. Sikukuuliza umekula nini. Fundi wa miaka arobaini, nikaona kasoro iko kwenye nguo. Hilo nimekuomba radhi moyoni kila siku, leo naomba kwa mdomo.

Muhula uliofuata ulikuwa umerefuka inchi mbili na kiuno kimefika kumi na nane. Hapo ndipo nilipouliza. Ukaniambia, "Mama akiamka tunakunywa chai." Nikasema kesho nitakwenda kuzungumza naye. Hiyo kesho yenyewe, saa tatu asubuhi, mpangaji wa chumba cha jirani akaja mbio: mama yako ametoka, amekufungia ndani kwa kufuli, ameacha jiko linawaka, moshi unatoka chini ya mlango. Walivunja kufuli. Ulitoka mweusi kwa masizi, unakohoa, na mkononi umeshika gauni la shule usilitie uchafu.

Sikukurudisha. Kulipokucha nilikuwa wa kwanza kwenye geti la mahakama ya familia, nimekushika mkono, na nguo yangu nzuri nimeivaa kinyume kwa haraka. Karani akanipa fomu ya ombi la dharura. Palipoandikwa "Uhusiano wako na mtoto" nikajaza "Fundi wake." Karani akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Mama, hapa andika bibi, hakimu hatoi watoto kwa mafundi." Kisha akaninyang'anya sindano sita nilizokuwa nimezichoma kwenye ukosi, eti silaha.

Hakimu alikuwa mwanamke mpole, lakini pindo la joho lake lilikuwa limefumuka, na mimi siwezi kufikiri mbele ya pindo lililofumuka. Nikamwambia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akacheka, akasema, "Asante mama, sasa tuzungumze habari za mtoto." Mama yako akaletwa. Akasema moshi ulikuwa bahati mbaya ya siku moja. Nikasema si siku moja, nikamtajia vipimo vyote kwa kichwa, muhula kwa muhula. Hakimu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, nakuamini, lakini kichwa chako siwezi kukiweka kwenye faili. Niletee hilo daftari kabla ya saa nane. Lisipokuwepo, mtoto atarudi kwa mama yake hadi uchunguzi uishe." Uchunguzi wenyewe ni wiki sita. Wiki sita, na kiuno inchi kumi na nane!

Sasa sikilizeni vizuri. Daftari halikuwa kwenye mkoba.

Ndiyo. Funga mdomo, fundi bomba, nzi wataingia.

Daftari nililificha kibandani, kwa sababu fundi wa ng'ambo ya barabara alikuwa akija kuazima chaki anachungulia vipimo vya wateja wangu. Lilikuwa nyuma ya droo ya cherehani, na mahali pale palijulikana na watu wawili tu duniani: mimi, na binti yangu huyu aliyekulia chini ya meza ile akicheza na vipande vya vitambaa. Magoti yangu mnayajua. Niko kwenye korido nakuelekeza wewe mwanangu ukalichukue, mara ukapiga kelele, "Mama, dada keshakimbia!" Ukatoka mbio kumfukuza, maelekezo ukayaacha hewani. Nikabaki na Pini kwenye benchi. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilijiambia, umempoteza huyu mtoto kwa kuficha daftari kama mwizi.

Ilipobaki dakika kumi ifike saa nane, nilimwacha Pini na karani nikaenda kunawa uso. Pale mlango wa nyuma, karibu na choo, akaingia mama yako. Kandambili moja imekatika mkanda, ameishika mkononi. Ameloa jasho. Akatoa daftari ndani ya gauni, akanipa, akasema, "Mpelekee hakimu, mama. Nimelisoma njiani. Sikujua amekonda hivyo." Nikalitia kwenye mkoba. Akasema, "Ila usimwambie Pini kwamba nimelileta mimi. Atakua akidhani nilimtoa kwa mkono wangu kwa sababu simtaki. Afadhali adhani nimekimbia." Nikaapa. Akatoka kwa mlango uleule, mguu mmoja peku.

Nilirudi nikasema, jamani, kumbe lilikuwa kwenye mkoba! Mkanicheka. Hakimu akafungua, akasoma muhula kwa muhula, akatia saini nawe ukiwa umesinzia mapajani kwangu. Tukarudi nyumbani, ukala sahani mbili, ukaomba ya tatu, na mimi nikacheza, wallahi nilicheza, peke yangu, katikati ya chumba hiki, futi shingoni. Mwezi wa tatu ukiwa kwangu nikafumua ile mishono niliyobana. Sijawahi kufurahia kufumua kazi yangu mwenyewe kama siku ile.

Usinitazame hivyo, binti yangu. Najua niliapa. Lakini umebeba jina la mtu aliyemkimbia mwanawe, kaka yako amelieneza kila kona, na mimi nikalinyamazia kwa sababu kuchekwa kulikuwa rahisi. Uliacha pombe miaka ishirini iliyopita kwa jasho lako. Leo wewe ni mpishi wa shule, watoto mia mbili wanashiba kwa mkono wako, halafu ukija hapa unakaa kiti cha mlangoni kama mgeni, na huyu Pini ananiambia, "Bibi, mwanao amekuja." Mwanao! Wiki tano hujambeba mjukuu wako. Nimeona unavyomwangalia kwa mbali.

Pini, sikulazimishi. Uliumia, na uliyeumia ni wewe. Lakini kosa lilikuwa langu pia, na uliokolewa kwenye njaa ile na watu wawili, si mmoja. Mimi nilikwenda mahakamani. Yeye alileta ushahidi dhidi yake mwenyewe, kwa miguu, juani, ili wewe ule. Nisingeweza kufa na hilo.

Nipeni maji. Kidogo tu... asante.

Mnizike na nguo ya kijani, nimeshaibana, iko kwenye sanduku. Wateja wenye vitambaa vyao wapewe. Yule fundi wa ng'ambo mwambieni nimemsamehe, na chaki arudishe. Kaka mtu, waambie watu ulivyokosea, kwa sauti ileile uliyotumia kusema kakimbia.

Sasa... futi iko shingoni kwangu, ichukueni. Binti yangu, ondoka mlangoni. Njoo. Pini...

Ah. Ah, mtazame alivyompokea. Shika kichwa chake vizuri, mwanangu, hujasahau. Mungu awape umri. Awape meza iliyojaa na mlango usiofungwa kwa nje. Awape kucheka, hata mkinicheka mimi.

Mpime. Wewe pima, Pini aandike. Ukurasa mpya... Kifua? Sijasikia, soma kwa nguvu. Enhe. Kiuno? Mnono huyo! Andika, Pini, na chini yake andika amepimwa na bibi yake.

Gauni lake la kwanza... mliachie pindo kubwa. Anakua huyo.