Mwewe wa Kabatini

BIBI: Haloo? Simu ya wanyama majeruhi. Nani mwenzangu?

MFUGA KUKU: Shikamoo bibi. Ni mimi wa asubuhi. Yule mwenye mwewe.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Ulimviringisha blanketi, ukamweka gizani kama nilivyokwambia?

MFUGA KUKU: Nilimweka kabatini. Kapata fahamu, bibi. Kapata— [kishindo]

BIBI: Kinavunjika nini hicho?

MFUGA KUKU: Kabati.

BIBI: Mwanangu, nimezalisha wanawake miaka thelathini kabla sijajitolea kukaa na simu hii. Uwongo naujua ungali tumboni. Huyo mwewe ana miguu mingapi?

MFUGA KUKU: Minne.

BIBI: Ala!

MFUGA KUKU: Ni nyegere, bibi! Kaingia bandani, kachinja kuku kumi na mmoja! Nikamkuta kapasuka kichwa—

BIBI: Kapasuliwa na nani?

MFUGA KUKU: [mtandao unakwaruza] ...sepetu.

BIBI: Sepetu ilijinyanyua yenyewe.

MFUGA KUKU: Nilidhani nimemuua. Halafu akafumbua jicho, akanitazama. Roho ikanisuta, nikakupigia. Ila kusema nyegere niliogopa, mngenishtaki.

BIBI: Njia ya mwongo fupi, baba. [ukelele] Nani huyo?

MFUGA KUKU: Shemeji, kaka yake mke wangu. Kaingia kuchukua shati.

BIBI: Hukumwonya?

MFUGA KUKU: Nilimwambia ni mwewe.

BIBI: Yeye naye ukamdanganya! Na wewe uko wapi?

MFUGA KUKU: Nje ya chumba. Mlangoni.

BIBI: Unafanya nini mlangoni?

MFUGA KUKU: Nasubiri, bibi.

BIBI: Umeushikilia.

MFUGA KUKU: Nimeuegemea tu... Bibi, damu inapita chini ya mlango.

BIBI: Fungua!

MFUGA KUKU: Atarudi bandani! Nimebakiwa na kuku tisa!

BIBI: Na mashemeji unao wangapi?

MFUGA KUKU: Mmoja. [kishindo] Anamwita mama yake, bibi. Anabisha kwa kichwa.

BIBI: Nisikilize. Nyegere hana haja na paja la mtu, anataka njia. Fungua mlango wote, jibanze nyuma yake, usimzibie njia. Fungua, mwoga wee, kabla sijaja na mkongojo wangu!

MFUGA KUKU: Nafungua... nafung— Yallaa! [vitu vinaanguka]

BIBI: Haloo? Uko hai?

MFUGA KUKU: Kapita. Anachechemea, uso wote damu. Banda hata hakuligeukia. Kaingia vichakani.

BIBI: Huyo nitamtumia watu. Shemeji je?

MFUGA KUKU: Kalala. Paja limechanwa mpaka nyama inaonekana.

BIBI: Chukua shuka safi, kandamiza paja, usiachie! Mwite jirani mwenye gari, hospitali sasa hivi.

MFUGA KUKU: Nakandamiza... Anataka kuinuka.

BIBI: Mlaze!

MFUGA KUKU: Hataki. Ananiuliza nani alikuwa ameshikilia mlango.

BIBI: Mwambie upepo.

MFUGA KUKU: Kang'oa mguu wa meza, bibi.

BIBI: Aa, hapo sasa mwanangu... huku tunahudumia wa porini tu.

MFUGA KUKU: Shemeji, ngoja— shemeji, tuongee— bibi, salio linakwi—

BIBI: Basi kimbilia vichakani! Ukishaingia huko nitakuandika na wewe! Haloo? ...Haloo?